Kusadikika na Kinyaga: Juu ya Kuazima Desturi za Watu ili Kujenga Nchi ya Kubuniwa

Mtu anapobuni nchi isiyokuwapo, nchi ambayo raia wake hawana raha na watawala wake hawana haya, watu husema ameitoa kichwani mwake. Usemi huo una ukweli nusu. Kichwa cha mwandishi ni ghala, na ghala haitoi ila kilichowekwa ndani yake. Mahakama ya nchi hiyo itafanana na baraza fulani ambalo mwandishi alipata kuliona. Salamu, vyakula, vilio na sherehe zake vitakuwa vimetoka kwa watu fulani wanaoishi mahali fulani chini ya jua hili. Basi swali ambalo makala haya yanakusudia kulichungua, na ambalo kila mwalimu wa fasihi atakutana nalo darasani siku moja, ni hili: mwandishi anayejenga nchi dhalimu ya kubuniwa ana haki ya kuazima nini kwa watu walio hai, na akisha kuazima anadaiwa nini?

Nimependa kulitazama swali hili kutoka Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Hadi mwisho wa mwaka 2005 wilaya hii ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, na katika masimulizi ya zamani nchi yote ile huitwa Kinyaga. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili si mgeni huko. Mji wa Kamembe uko jirani na Bukavu ya Kongo, na kati yao umo mto Rusizi, mahali unapotoka katika Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika. Biashara ya pande hizo mbili imezoea Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Rwanda ni nchi iliyowahi kubuniwa na wageni kabla hawajaifahamu, na hadithi waliyoibuni iliwatoza watu wake gharama isiyosemeka. Asiyejua habari hiyo ataona kwamba kubuni nchi ni mchezo wa kalamu tu.

Tuanze na mfano tunaoujua sote. Mwaka 1951 ilitolewa Kusadikika ya Shaaban Robert. Nchi ya Kusadikika haiko juu ya ardhi. Inaelea angani, na mipaka yake ni pepo. Waziri Majivuno anamshitaki kijana Karama kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya sheria, na Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, ambao kila mmoja alirudi na jambo la manufaa akatiwa gerezani. Mwishowe haki inashinda na wafungwa wanafunguliwa.

Je, Shaaban Robert aliazima nini ili kuijenga nchi hii? Pepo zake ni kaskazi na kusi, zile zinazojulikana kwa kila nahodha wa pwani. Baraza lake lina adabu na majivu ya maneno ya mabaraza aliyoyajua. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, na mtu wa kazi hiyo hujifunza upesi jinsi amri inavyotoka juu na kuteremka chini bila kuulizwa. Lakini kuna kitu ambacho hakukiazima. Hakumpa Majivuno kabila. Hakumpa lafudhi ya watu fulani, wala pua, wala rangi, wala dini ya jirani. Jina lake ndilo kosa lake. Msomaji wa Tanga, wa Ujiji au wa Kamembe anapolisoma hatazami nyumba ya mwenzake kumtafuta Majivuno. Hutazama ofisi, na asipokuwa mwangalifu, hutazama kioo.

Sasa na tuvuke kwenda kwa mbunifu wa aina nyingine, ambaye hakujiita mtunzi wa hadithi. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, katika safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alifika Karagwe akapokewa na mfalme Rumanika. Kutoka pande hizo aliiona milima ya Mfumbiro kwa mbali. Rwanda yenyewe hakuitia mguu. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, alieleza kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa walikuwa uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi, jamii bora iliyokuja kuwatawala wakulima waliowakuta. Hakuwa na ushahidi wa nyaraka wala wa machimbo. Alikuwa na ng'ombe aliowaona, nyuso alizozitazama, ufalme uliomshangaza, na imani yake mwenyewe kwamba Waafrika hawangeweza kujitengenezea ufalme kama ule. Kwa vitu hivyo alijenga hadithi, naye akaipa jina la elimu.

Hebu tumlinganishe na Shaaban Robert. Wote wawili waliazima vitu vya kweli. Shaaban Robert aliazima mwendo wa madaraka, akaficha watu. Speke aliazima watu, akaficha mwendo wa madaraka. Kwa Shaaban Robert dhuluma ina sababu, nayo ni majivuno na ujinga wa sheria. Kwa hiyo yaweza kuondolewa. Kwa Speke utawala wa mmoja juu ya mwingine umo ndani ya damu. Kwa hiyo hauna dawa. Hapo ndipo njia zao zilipoachana, na iliyobaki ya makala haya ni kueleza njia ile ya pili ilikofika.

Kinyaga ya kweli haikufanana na hadithi ya Speke. Mtafiti Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya nchi hiyo, ameonyesha kwamba wakazi wake wengi walikuwa watu wa koo zilizohamia kutoka sehemu mbalimbali, na kwamba waliunganika kwa ndoa, urafiki na biashara na watu wa kisiwa cha Ijwi, wa Bushi na wa nchi nyingine za jirani. Mtu alijulikana kwanza kwa ukoo wake na kilima chake. Ufalme wa Rwanda ulishika nguvu huko hasa katika zama za Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Mfalme huyo alipeleka machifu wake na kuifanya Kinyaga kituo cha vita vyake vya magharibi. Katika zama hizo ndipo ulipoenea uburetwa, yaani kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia chifu ili aruhusiwe kukaa katika ardhi yake. Kazi hiyo iliwaangukia Wahutu, haikuwaangukia Watutsi. Kwa hiyo majina hayo mawili, ambayo awali hayakuwa ndiyo ya kwanza katika maisha ya Mnyakinyaga, yalianza kupata uzito mpya: yalimwambia mtu ni nani atakayelima shamba la chifu alfajiri na ni nani hatalima.

Kisha wakaja Wazungu. Wajerumani waliweka kituo Shangi, ukingoni mwa Kivu, mwaka 1898, na mwaka uliofuata daktari Richard Kandt akafanya makao yake huko. Tangu hapo Kinyaga na Tanga zikawa chini ya bendera moja ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alizaliwa katika koloni lile lile. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wao, na Mwami Musinga mwenyewe alijifunza kukisoma na kukiandika. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka kutoka Kongo wakawafukuza Wajerumani, na baada ya vita koloni likagawanywa: Tanganyika kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji.

Wabelgiji waliikuta hadithi ya Speke imekwisha kukomaa mikononi mwa wasomi na wamisionari, wakaitumia kama fundi atumiavyo ramani ya nyumba. Waliwaondoa machifu Wahutu waliokuwako, wakaweka machifu Watutsi, wakisema hao ndio waliozaliwa kutawala. Uburetwa waliuandikia kanuni, ukamfuata kila mwanamume mmoja mmoja ambapo zamani ulikuwa ukibebwa na jamaa kwa pamoja. Katika miaka ya 1930 waliwaandika watu wote na kuwapa vitambulisho vyenye jina la kabila. Hadithi iliyobuniwa na mtu aliyeiona milima kwa mbali sasa ilikuwa imepigwa muhuri na kutiwa mfukoni mwa kila mtu.

Msomaji asidhani kwamba wenye kubuni hadithi hiyo waliiamini nyakati zote. Mwezi wa Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga katika ufalme kwa sababu hakuwatii na hakukubali ubatizo, wakampeleka uhamishoni. Walimpeleka wapi? Kamembe, huko huko Kinyaga. Alikaa hapo hadi mwaka 1940, kisha akapelekwa Moba katika Kongo, akafia huko mwaka 1944. Ikiwa kweli Watutsi walikuwa watawala kwa kuzaliwa, mfalme wao alifanya nini Kamembe, mahali ambapo aliweza kutazama ziwa lakini hakuweza kuamuru mtu? Jibu ni kwamba mambo ya damu yalikuwa pambo. Penye pambo palikuwa na utaratibu: kodi, kazi ya lazima, kitambulisho, na ofisi yenye uwezo wa kumweka na kumwondoa mtu.

Uburetwa uliondolewa mwaka 1949 na ubuhake, ule mkataba wa ng'ombe baina ya bwana na mtumishi wake, mwaka 1954. Kitambulisho cha kabila hakikuondolewa. Kilivuka mapinduzi ya mwaka 1959, kikavuka uhuru wa mwaka 1962, kikatumiwa na serikali zilizosema zimeukataa ukoloni. Hadithi nayo haikufa. Iligeuzwa tu upande. Wale walioambiwa zamani kwamba wametoka Uhabeshi ili watawale, sasa waliambiwa kwamba kwa kuwa walitoka Uhabeshi hawana haki ya kukaa. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano na kusema kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilitupwa kwa maelfu katika mito ya nchi hiyo. Tokea kitabu cha mwaka 1863 hadi mito ile ya mwaka 1994 ni miaka 131, na hadithi ilikuwa ile ile.

Cyangugu haikuepuka. Watu waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka, na huko baadhi yao waliitwa kwa orodha ya majina, wakatolewa, wakauawa. Waliosalia walipelekwa kambi ya Nyarushishi, ambako mwezi wa Juni 1994 majeshi ya Ufaransa yaliwakuta watu wapatao 8,000. Katika vizuizi vya barabarani mtu alidaiwa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa juu yake lilitosha. Sasa mwalimu atanielewa nisemapo kwamba kubuni nchi si mchezo mtupu.

Je, maana yake ni kwamba mtunzi asiazime kitu kwa watu wa kweli? Hapana. Nchi ya kubuniwa isiyo na harufu ya mahali popote haina ladha, na msomaji haiogopi wala haipendi. Tena yapasa tuseme ukweli hata juu ya bwana wetu Shaaban Robert. Kusadikika ina upungufu mmoja: haina historia. Majivuno ni mwovu kwa sababu ni Majivuno, na msomaji haambiwi ni lini uovu ulipoanza, ulitungiwa kanuni gani, na ni nani aliyekula faida yake. Kinyaga inatufundisha kwamba dhuluma ina tarehe. Uburetwa ulianza siku fulani, ukaandikiwa kanuni siku fulani, ukafutwa siku fulani. Mtunzi anayetaka nchi yake dhalimu isadikike na aazime mambo hayo: kizuizi cha barabarani, kadi, daftari la kazi, mfalme aliyewekwa kando ya ziwa asiwe na la kuamuru. Hivyo ndivyo vifaa vya dhuluma, na havina kabila.

Watunzi wetu wa baadaye walilielewa jambo hilo, kila mmoja kwa njia yake. Katama Mkangi alijenga Walenisi mwaka 1995, na K. W. Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Na jirani kabisa na Kinyaga kuna mfano wa sinema. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes sinema iitwayo Neptune Frost, ya Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, na Saul Williams wa Marekani. Ilipigwa Rwanda, ikasimulia nchi ya milima ya Burundi katika zama zisizojulikana, ambapo vijana waliotoroka machimbo ya koltani wanajenga kijiji kwa mabaki ya kompyuta na kupambana na Mamlaka inayowakandamiza. Waigizaji wake wanasema Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Walioibuni waliazima machimbo ya kweli, madini yanayochimbwa kweli katika nchi za Kivu, na lugha za kweli. Jambo la kutia maanani ni kwamba lugha hizo hawakuwapa waovu ili ziwatishe watazamaji. Waliwapa wale wanaodhulumiwa, wakaimba na kufanya mizaha kwazo. Dhuluma imebaki mahali pake, katika Mamlaka na katika biashara ya madini.

Nageukia sasa kazi yetu. Tuseme mwalimu wa Kamembe, baada ya kusoma Kusadikika na wanafunzi wake, anawaagiza kila mmoja atunge nchi yake ya kubuniwa yenye utawala mbaya. Ni zoezi zuri. Lakini mwanafunzi wa mpakani ana kishawishi ambacho mwenziwe wa mbali hana: nchi mbaya anayo tayari, ipo ng'ambo ya daraja. Atachukua Kiswahili cha Bukavu na kukiweka kinywani mwa mnyang'anyi wake. Atachukua mavazi, vyakula na majina ya kule, na wakubwa watacheka. Na mwanafunzi wa Bukavu akipewa zoezi hilo hilo, nchi yake mbaya itasema Kinyarwanda. Hakuna kati yao atakayekuwa amedhamiria ubaya. Speke naye hakudhamiria mito ile.

Sisi walimu wa Kiswahili tunapaswa kuwa wepesi kuliona jambo hili, maana lugha yetu yenyewe iliwahi kutendwa hivyo. Katika Rwanda ya Wabelgiji, Waswahili walitengewa mitaa yao mijini, na lugha yao ikahesabiwa kuwa ya maaskari, ya wachuuzi, na ya watu wasioaminika. Yeyote aliyetaka kumchora mjanja wa mjini alimpa maneno mawili matatu ya Kiswahili, akawa amemaliza kazi. Ilichukua muda mrefu hadi mwaka ule wa 2017 lugha hiyo ikapewa kiti barazani.

Kwa hiyo napendekeza maswali matatu ambayo mwalimu aweza kumpa mwanafunzi kabla hajashika kalamu. La kwanza: katika nchi yako, dhuluma inafanywa kwa chombo gani, na nani alikitengeneza? La pili: ukibadilisha watu wote wa nchi hiyo ukaweka wengine, lakini ukaacha sheria zile zile, je, mateso yatabaki? Yakibaki, umejenga vyema. Yakiondoka, umewatukana watu bure. La tatu: je, mtu ambaye desturi zake umeziazima akiketi darasani hapa, utaweza kumsomea hadithi yako mbele ya macho yake?

Swali hili la mwisho si la kufikirika tu kwa Rusizi. Kila siku za masomo na za soko watu huvuka daraja lile kwenda na kurudi, na katika madarasa ya pande zote mbili wapo watoto ambao nyanya zao walizaliwa upande wa pili. Aliyeazimwa yumo chumbani. Kuazima si ubaya, ubaya ni kutorudisha. Mtunzi aliyeazima sura ya jirani na akairudisha imechafuka hataazimwa tena; lakini aliyeirudisha pamoja na ukweli juu ya kilichomtesa jirani huyo, huyo amelipa deni lake na la ziada.